Kwa nini mnasihi hakuambii cha kufanya

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Dodoma (mambo yake nimeyabadilisha kidogo asije akajulikana), akaweka kikapu chini, akafungua kile kitenge alichojitanda sababu ya vumbi, akakaa, akaniambia, "Haya mwanangu, nimekuja unishauri." Shida ilikuwa shamba. Ekari moja ya zabibu huko Mpunguzi aliyoachiwa na marehemu mumewe, na tangu serikali ihamie huku bei ya ardhi unaijua mwenyewe ilivyopaa, sasa kijana wake mkubwa anataka liuzwe anunue bajaji mbili na nyumba ipigwe bati jipya, mashemeji hawataki hata kusikia, na yeye mama wiki nzima halali. Nikamsikiliza, nikauliza maswali, tukaenda kama lisaa hivi. Mwisho akanyanyuka akaniangalia kama mtu aliyepoteza nauli: "Sasa mbona hujanishauri kitu?"

Na kiukweli ana haki ya kuuliza, maana jina la huduma yenyewe linamdanganya. Ushauri nasaha. Ushauri ni ushauri, na nasaha nayo ni ushauri uleule umevaa kanzu, kwa hiyo mtu akisikia hivyo anategemea kuambiwa uza au usiuze, achana naye au vumilia. Wengi wetu neno hili tulilisikia mara ya kwanza enzi za kampeni za UKIMWI, vituo vya Angaza, matangazo ya redio, alafu ile Julai 2007 Rais Kikwete akapima hadharani pale Mnazi Mmoja. Ukikumbuka vizuri ile huduma ilikuwa inaitwa ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Tulishika ushauri, tukashika upimaji, hiari tukaiacha njiani. Wakati hiari ndo ilikuwa roho ya kitu chote, yaani unaambiwa faida na hasara, unaulizwa ukikuta majibu haya utafanyaje, ukikuta yale utafanyaje, na mlango upo wazi ukitaka kutoka bila kupima unatoka.

Siku hizi vyuoni wanapendelea kusema unasihi, na anayefanya anaitwa mnasihi. Nitatumia hilo.

Mimi nilivyokuwa nasoma kozi hii nilichanganyikiwa sana, na najua wanafunzi wa sasa nao wanachanganyikiwa hivyohivyo. Ni majina ya wakubwa wa fani hii: wiki hii unafundishwa Freud, daktari wa Vienna, anasema mambo yote yako huko utotoni na wewe mwenyewe huyajui, wiki ijayo Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, anasema achana na ya moyoni angalia tabia, wiki inayofuata Mmarekani mwenzake Rogers anasema mteja ndo anajua, mara Ellis, naye wa hukohuko, anasema shida ni mawazo yako. Unakariri, unajibu mtihani, unasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba hawa watu wote pamoja na ugomvi wao wanazunguka swali moja tu, ambalo mimi nimelielewa miaka baadaye nikiwa kazini. Swali lenyewe ni: huyu mtu amefungwa na nini, na kamba inaweza kurefuka vipi?

Nasema kamba kwa sababu kuna ule msemo wetu, mbuzi hula kulingana na urefu wa kamba yake. Bongo tumeuharibu, tumeugeuza kisingizio cha watu wa maofisini kula kile kisichokuwa chao. Lakini nenda Chamwino au Bahi kiangazi ukamwangalie mbuzi halisi aliyefungwa kwenye mti. Ameshakula duara lote, pamebaki udongo mtupu, na hatua mbili tu mbele yake kuna majani. Cha ajabu zaidi ni yule ambaye kamba imeshakatika zamani na bado anazunguka palepale. Watu wengi wanaokuja kwangu wako katika mojawapo ya hali hizo mbili, na kazi ya kwanza ni kujua ni ipi.

Tuanze na Freud, maana ndo anasingiziwa zaidi. Watu wanasema kwake binadamu hana uhuru, kila kitu kimeshapangwa na mambo yaliyojificha. Ni kweli aliamini hakuna wazo linalokuja bila chanzo. Ila katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu sehemu za nafsi ameweka maelezo madogo chini ya ukurasa, kwamba kazi ya tiba yake sio kufanya dalili za ugonjwa zisiwezekane kabisa, ni kumpa mgonjwa uhuru wa kuamua huku au kule. Yaani yule mzee wa Vienna aliyeitwa adui wa uhuru anakuambia lengo lake ni mtu aweze kuchagua. Kamba kwake haionekani, ndo maana mtu anaivuta tu na haelewi anakwama wapi, ukiileta kwenye mwanga walau anajua amefungwa upande gani.

Skinner yeye alikataa hata neno lenyewe. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima cha kusema uhuru na utu ni dhana zinazotukwamisha, kwamba tabia inatengenezwa na mazingira, zawadi na adhabu, basi. Kabla ya hapo, mwaka 1956, yeye na Carl Rogers walibishana kwenye jarida la Science kuhusu nani anamdhibiti nani, na ule mjadala mpaka leo ni mtamu kuusoma. Mimi kwa upande wangu naona Rogers alikuwa sahihi kuhusu mtu, na Skinner alikuwa sahihi kuhusu jinsi mazingira yanavyotuendesha bila sisi kujua. Lakini angalia watu waliochukua mambo ya tabia wakayafanya tiba walifanya nini kwa vitendo. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1958 alieleza njia ya kumtoa mtu woga hatua kwa hatua, unamfundisha kutulia kwanza alafu unamsogeza kwenye kile anachokiogopa taratibu, kuanzia kisichotisha sana.

Hapa kwetu inakuwaje? Chukulia dada aliyenusurika ajali ya basi njia ya Morogoro. Hapandi tena basi, msiba wa shangazi yake umempita, biashara ya kufuata mzigo Kibaigwa imekufa. Huendi kumhubiria. Wiki ya kwanza anajifunza tu kupumua na kulegeza misuli huku anawaza stendi. Baadaye mnaenda stendi ya Nanenane mnasimama pembeni mnasikia wapiga debe. Siku nyingine anapanda basi lililopaki, anakaa siti ya mbele, anashuka. Alafu daladala mpaka Ihumwa na kurudi, jasho linamtoka lakini amefika. Alafu Buigiri. Siku atakayofika Kibaigwa hakuna aliyemwambia lazima uende Kibaigwa, ila sasa akitaka anaenda na asipotaka haendi, na hiyo ya pili nayo sasa ni uamuzi wake, sio woga ndo umemwamulia. Nadharia iliyokataa uhuru imemrudishia mtu barabara nzima.

Rogers sasa. Huyu ndo aliyefanya watu wa fani hii tuzoee kusema mteja badala ya mgonjwa, kuanzia kitabu chake cha 1942 na kile cha 1951. Kwake kamba inaitwa masharti ya kupendwa. Mtoto anakua akijua mama ananipenda nikiwa wa kwanza darasani, baba ananipenda nisipolia, kanisani wananipenda nikiwa mpole, mpaka inafika mahali hajui tena yeye mwenyewe anataka nini, anajua tu wengine wanataka nini. Mwaka 1957 akaandika kwamba mtu akipata mbele yake mtu anayemwelewa kweli, anayemkubali bila masharti na asiyeigiza, basi anaanza kujisikia mwenyewe taratibu na mabadiliko yanatokea. Wapo wanaosema hiyo peke yake haitoshi na mimi nakubaliana nao, ila bila hiyo sijawahi kuona kitu chochote kikifanya kazi.

Ellis, kuanzia miaka ya katikati ya 1950, kamba anaiona kwenye neno moja tu: lazima. Lazima niwe nimejenga kabla ya miaka thelathini, lazima mashemeji wanipende, lazima nisifeli. Kinachokuumiza sio kufeli, anasema, ni lile lazima ulilolibandika juu yake. Na hakuficha kwamba mizizi ya wazo lake iko kwa Epictetus, mwanafalsafa wa zamani wa Wagiriki na Warumi aliyesema watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na jinsi wanavyoyachukulia. Huyo Epictetus alikuwa mtumwa. Mtumwa kabisa, wa kumilikiwa. Huwa nikilifikiria hilo nanyamaza kidogo, kwamba wazo linalotumika leo kliniki dunia nzima lilitoka kwa mtu ambaye kuna wakati hata mwili wake haukuwa wake.

Na hapo inabidi nimtaje Viktor Frankl, daktari mwingine wa Vienna, Myahudi, aliyepitishwa kwenye kambi za Wanazi kuanzia 1942 mpaka 1945, Auschwitz ikiwemo, akapoteza wazazi, kaka na mke. Aliandika kwamba vyote unaweza kunyang'anywa isipokuwa uhuru wa mwisho, wa kuchagua utayachukuliaje yaliyokukuta. Ni maneno mazito na yana heshima yake kwa sababu ya aliyeyasema. Ila naomba niseme kitu kinachonikera. Siku hizi yanatumika vibaya mno. Mtu ana mkopo wa kausha damu, riba inapanda kila wiki, wamebeba mpaka friji, anakuja kwa mshauri anaambiwa badilisha mtazamo. Mwanamke anapigwa kila Jumamosi anaambiwa chagua furaha. Frankl aliongea akiwa ndani ya waya za umeme ambako hakukuwa na njia nyingine, na mwenyewe amesema wazi kwamba kama chanzo cha mateso kinaweza kuondolewa basi kiondoe, kujitesa bure sio ushujaa. Kamba nyingine ni kamba kweli, ya katani, ina fundo, na kazi ni kutafuta kisu: dawati la jinsia polisi, msaada wa kisheria, ndugu wa kumhifadhi. Mnasihi asiyejua kutofautisha kamba ya kichwani na kamba ya shingoni ni hatari kuliko kukosa mnasihi kabisa.

Upande wa pili wa uhuru ndo ule tusiopenda kuuongelea, kwamba unatisha. Erich Fromm, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, mwaka 1941 aliandika juu ya namna watu wanavyoukimbia uhuru wakishaupata, wanatafuta wa kuwabebea. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1980 akauweka uhuru kwenye orodha moja na kifo, upweke na kukosa maana, kwamba hivyo ndo vitu vinne vinavyomtetemesha binadamu kimyakimya. Ukisoma haraka unashangaa uhuru unafanya nini kwenye orodha hiyo. Lakini kaa na yule mama wa Mpunguzi. Akiuza mashemeji watanuna, asipouza mtoto atanuna, na vyovyote itakavyokuwa ni yeye ndo atakuwa amefanya. Alichokuwa anakitafuta kwangu, na siku ya pili alikisema mwenyewe huku anacheka, ni aweze kwenda nyumbani aseme "mshauri kasema". Alitaka jina la kuweka kwenye lawama.

Na mimi hilo jina nilishawahi kulitoa, ndo maana siku hizi nina adabu.

Nilikuwa bado mwanafunzi, niko mafunzo kwa vitendo. Akaja kijana wa miaka ishirini na kitu, baba yake kamlipia ada ya uhasibu, yeye hataki, anataka ufundi wa magari, moyo wake wote uko gereji. Nilimpenda yule kijana. Na kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kulazimishwa kozi, nikaona hii kesi rahisi, nikamwambia nenda kamwambie mzee ukweli, wewe ni mtu mzima, maisha ni yako. Nilijiona nimempa uhuru kabisa. Siku nne baadaye nafika asubuhi namkuta kwenye ngazi na begi la shangazi kaja, limefungwa zipu nusu, shati linaning'inia. "Dada nimefanya kama ulivyosema. Sasa nilale wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemtoa kwenye amri ya baba yake nikamwingiza kwenye amri yangu, na tofauti ni kwamba baba yake alikuwa na nyumba. (Alilala kwa mjomba wake Chang'ombe, baadaye wakapatana, lakini sio kwa ajili yangu.)

Kile nilichokosea kina maelezo yake ya kitaalamu kabisa. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi na walevi, mwaka 1983 alianza kuandika juu ya namna ya kuongea na mtu bila kumsukuma, baadaye akaiendeleza na Stephen Rollnick. Waligundua mshauri ana ugonjwa wake, ule mkono unaowasha kunyoosha kila kilichopinda. Ukimwambia mlevi acha pombe, pombe itakuua, yeye anaanza kukutetea pombe, mbona fulani anakunywa na ana miaka themanini, mbona mimi nakunywa za jioni tu. Unamfanya awe wakili wa kilabu. Ukimuuliza badala yake pombe inakusaidia nini, alafu inakugharimu nini, alafu wewe mwenyewe ungependa iweje, maneno ya kuacha yanatoka kinywani mwake, na mtu anaamini zaidi alichokisema mwenyewe. Na kuna sentensi wanayoisisitiza ambayo ukiisema kwa dhati mabega ya mtu unayaona yanashuka: uamuzi ni wako, hakuna anayeweza kukuamulia. Kila mzazi wa kijana wa sekondari anajua kanuni hii kwa machozi, ukikaza kamba yeye anavuta.

Sasa najua kuna msomaji anajiuliza hili, na ni swali zuri kuliko yote: haya mambo ya uhuru wa mtu binafsi si ya Wazungu? Sisi huku mtu hajiamulii peke yake. Kuna ukoo, kuna wazee, mahari inakaliwa kikao, shamba linakaliwa kikao, hata kumpeleka mgonjwa hospitali linakaliwa kikao. Nimewasikia hata wahadhiri wakisema nadharia hizi hazitufai.

Jibu langu linatokana na wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan, ambao tangu miaka ya 1980 wanajenga nadharia ya kwamba binadamu popote alipo ana mahitaji matatu ya nafsi, kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. Wanatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya: kujiamulia na kujitenga. Unaweza kuwa peke yako Dar kwenye chumba chako na usiwe umejiamulia hata kitu kimoja, unaendeshwa na kuonekana mtandaoni. Na unaweza kuwatii wazee kwa moyo wako wote kwa sababu umelipima ukaona ndo unavyotaka kuishi, na hapo uko huru. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu sio "unataka wewe au wanataka wao", hilo swali huku kwetu linamchana mtu katikati. Swali ni: unalikubali, au unaliogopa? Majibu ya hayo mawili kwa nje yanafanana kabisa, wote wamekubali kikao kilivyosema, ila mmoja analala usingizi na mwingine ana vidonda vya tumbo. Hata nembo ya taifa imeandikwa Uhuru na Umoja, haikuandikwa uhuru au umoja.

Kuna mahali uhuru unasimama, na mteja anatakiwa aambiwe siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Ukiniambia unapanga kujiua, au kuna mtoto anaumizwa nyumbani, siwezi kukaa nacho moyoni nikasema ni uamuzi wako. Na kuna maradhi yanayoshika kamba yenyewe. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na nchi nzima jina hilo limegeuzwa tusi, ukimshangaa mtu unamwambia wewe wa Mirembe. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu kulazwa kwa hiari yake na pia kulazwa bila hiari kwa masharti, na hilo la pili likisikika juujuu ni kinyume cha yote niliyoandika. Lakini mtu anayesikia sauti zinazomwamrisha tupa nguo, kimbia, wanakuja kukuua, huyo hajiamulii, anaamuliwa. Nimeongea na jamaa mmoja aliyetulia kwa dawa akaniambia kitu cha kwanza kumrudia kilikuwa kuchagua chai au uji. Miezi kadhaa hakuwahi kuchagua.

Mengine nayapitia tu. William Glasser, daktari wa akili wa Marekani, kwenye nadharia yake ya uchaguzi, aliutaja uhuru kama mojawapo ya mahitaji matano ya msingi pamoja na kuishi, kupendwa, nguvu na raha. Wale wa tiba ya masimulizi, Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, wao wanamtenga mtu na shida yake, wewe sio mlevi, ulevi umekuingilia nyumbani, tuangalie unaingilia mlango gani. Ukishawaza kwa kamba utaona mwenyewe hawa nao wanakaa wapi.

Yule mama alirudi mara ya tatu. Kipindi hicho chote sijamwambia uza wala usiuze, nilimwomba tu anisimulie kwa sauti mwaka mmoja mbele shamba likiwa limeuzwa anaamka asubuhi anafanya nini, alafu mwaka mmoja mbele likiwa lipo. Kwenye la kwanza alinyamaza sana. Kwenye la pili akaanza kunielezea kupogoa, mkasi, jinsi marehemu alivyokuwa anamwambia ukikata vibaya mzabibu unakununia msimu mzima, akajishtukia akacheka. Siku hiyo ya tatu alikuja bila kikapu. Akaniambia ameita kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada, na kwamba yeye ndo atakayefungua maongezi, shemeji yake mkubwa atasubiri. Kijana naye atakuwepo.

Nikashindwa kujizuia nikamuuliza, "Sasa mama, utawaambia nini?"

Akajitanda kitenge chake vizuri. "Hayo tena mwanangu hayakuhusu."